Namba ya choo na picha ya utumbo: mchochota wa matumbo unavyotafutwa

Karatasi ya maabara ina mstari mmoja tu: kalprotektini ya choo, 180. Pembeni, kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba kawaida ni chini ya 50. Mwenye karatasi hiyo ameharisha miezi mitatu sasa, tumbo linamkata kila baada ya siku chache, na anaitazama namba ile akijiuliza: ni maambukizi? Ni saratani? Au ni mawazo tu? Namba 180 haijibu hata swali moja kati ya hayo. Ina swali lake, na mkanganyiko mwingi kuhusu vipimo vya utumbo unaanzia hapo hapo, tunapovidai majibu ambayo si kazi yao kuyatoa.

Kabla ya kufika mbali, tuelewane kuhusu neno. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema "uvimbe", lakini neno hilo limebebeshwa mizigo miwili. Mguu ulioteguka ni uvimbe, na donge la saratani nalo ni uvimbe. Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye utumbo anaweza kulala macho wiki nzima akisubiri kifo, kumbe daktari alimaanisha jambo linalotibika. Kwa hiyo hapa nitatumia neno mchochota: ile hali ya sehemu ya mwili kuwaka, kujaa damu na maji, na kuingiwa na seli nyingi za ulinzi, ama kwa sababu kuna mdudu wa kupambana naye, ama kwa sababu mwili umeanza kujishambulia wenyewe.

Mchochota unaacha alama kadhaa. Seli nyeupe za damu zinamiminika. Mishipa midogo inatanuka na damu inaongezeka. Maji yanavuja na kuingia kwenye ukuta wa utumbo, ukuta unanenepa. Kipimo cha choo kinakamata ile alama ya kwanza, yaani seli. Picha zinakamata zilizobaki: damu, maji, unene. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata hayatakusumbua.

Tuanze na choo

Seli nyeupe zinazotangulia kufika kwenye mapambano huitwa neutrofili. Ukizipasua na kuchukua majimaji yake, utakuta karibu nusu ya protini iliyomo ni ya aina moja, kalprotektini. Sehemu ya jina lake inatokana na kalsiamu, ambayo protini hii huishika, lakini silaha yake hasa iko kwingine: inanyakua zinki na manganizi, madini ambayo bakteria hawawezi kuzaana bila hayo. Ni mbinu ya kale ya vita, kumzingira adui na kumkatia chakula. Neutrofili zikipenya ukuta wa utumbo uliowaka, zinamwagikia ndani na kufia huko, na kalprotektini yake inasafiri na choo mpaka nje. Protini nyingi zingesagwa njiani na vimeng'enya. Hii, ikiwa imeishika kalsiamu yake, inastahimili safari.

Protini yenyewe ilielezwa mwaka 1980 nchini Norway na Magne Fagerhol na wenzake, na mwaka 1992 Arne Røseth na wenzake wakaonyesha namna ya kuipima kwenye choo. Ili kujua walichorahisisha, angalia kilichokuwapo kabla. Mtafiti aliyetaka kujua ni neutrofili ngapi zinavuja kwenye utumbo alilazimika kuchukua seli za mgonjwa, kuzitia indiamu yenye mionzi, kumrudishia mwilini, kisha kukusanya choo chake chote kwa siku 4. Leo kinachotakiwa ni kipande kidogo kuliko punje ya mahindi.

Na kipande hicho kinashughulikiwa hivi. Mtaalamu wa maabara anachomeka kijiti cha plastiki chenye mifereji kwenye choo, mara kadhaa, sehemu tofauti. Mifereji inajaa, ziada inakwanguliwa kijiti kinapopita kwenye shingo nyembamba ya kichupa, na kiasi kilichobaki, miligramu chache, kinatikiswa ndani ya kimiminika mpaka kisambae. Uchafu unaachwa utuame. Maji ya juu yanawekwa kwenye kisahani chenye vishimo ambavyo chini yake vimepakwa kingamwili zinazoshika kalprotektini tu. Mwishoni inatokea rangi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Mashine inasoma ukolezaji huo na kutoa jibu kwa mikrogramu katika kila gramu ya choo.

Nimeieleza hatua kwa hatua kwa sababu. Choo si maji ya kisima, hakilingani kila mahali. Sehemu yenye ute inaweza kuwa na kalprotektini nyingi kuliko sehemu ngumu iliyo pembeni yake. Choo cha asubuhi na cha jioni cha mtu yule yule, siku ile ile, vinaweza kutoa namba zinazopishana sana. Ukiharisha maji matupu, kilichomo kinazimuliwa. Na vitendanishi vya kampuni tofauti vinaweza kukisoma choo kimoja na kutoa namba mbili zisizofanana. Ndiyo maana anayefuatiliwa kwa miezi au miaka anashauriwa atumie maabara ile ile, na ikiwezekana apeleke choo cha kwanza cha asubuhi. Mabadiliko kutoka 120 hadi 150 huenda yasiwe na maana yoyote. Kutoka 120 hadi 900, hapo kuna jambo.

Kwa kawaida chini ya 50 huhesabiwa kuwa salama. Zaidi ya 250 huashiria mchochota wa kweli. Kati ya hapo kuna eneo la ukungu, na 180 yetu iko katikati ya ukungu huo. Mipaka yenyewe haijachongwa kwenye jiwe. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mfumo wa chakula wa Marekani wa mwaka 2023, kwa watu ambao tayari wanajulikana kuwa na kolaitisi ya vidonda (mchochota wa kudumu wa ngozi ya ndani ya utumbo mpana), unatumia 150 kama mstari wa kugawa.

Mambo yanayoipandisha namba bila ugonjwa wa kudumu ni mengi, na la kwanza kuulizwa liwe hili: umekuwa ukimeza dawa za maumivu? Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake huchubua utumbo na kuita neutrofili. Omeprazoli na dawa nyingine za kupunguza asidi nazo zinaweza kuisukuma juu. Maambukizi ya bakteria, hata yanayopona yenyewe kwa siku chache, yanaweza kuirusha hadi mamia au zaidi. Watoto wachanga wana kiwango cha juu kiasili, na hushuka kadiri wanavyokua. Kwa hiyo mzazi anayelinganisha jibu la mtoto wa miezi sita na ule mpaka wa 50 wa watu wazima anajitesa bure.

Kuna kiashiria kingine cha choo, laktoferini, protini inayoshika chuma na ambayo pia hutoka kwenye neutrofili. Inasema karibu hadithi ile ile. Kipimo cha damu cha CRP, kwa upande wake, kinapima protini ya mchochota inayotengenezwa na ini, kwa hiyo kinapanda kwa nimonia, jino bovu au goti lililovimba, na watu wengi wenye kolaitisi ya vidonda hukaa na CRP ya kawaida huku utumbo unawaka. Choo kiko karibu zaidi na mahali pa tukio.

Nguvu iko kwenye jibu dogo

Mwaka 2010 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 13. Kwa watu wazima, kipimo hiki kiliwanasa wagonjwa 93 kati ya kila 100 wenye ugonjwa wa mchochota wa matumbo, yaani kolaitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn (mchochota wa kudumu unaoweza kukamata sehemu yoyote ya njia ya chakula). Waandishi walikadiria kwamba kukitumia kama kichujio kungeondoa haja ya kolonoskopi (kuchungulia utumbo kwa kamera) kwa asilimia 67 ya watu wazima, lakini asilimia 6 ugonjwa wao ungechelewa kugunduliwa. Hao asilimia 6 wasisahaulike. Ni watu, si mabaki ya hesabu.

Tuweke mfano mkononi. Chukua watu 1,000 wenye tumbo linalosumbua, na tuseme 50 kati yao wana mchochota wa kudumu. Kipimo kikinasa 93 kati ya kila 100, kitawapata 46 au 47 na kuwakosa watatu au wanne. Sasa tuseme kinawatambua sawasawa wasio na ugonjwa 80 kati ya kila 100. Wapo 950, kwa hiyo 190 watapewa namba ya juu bila kuwa na ugonjwa huo. Matokeo ni watu wapatao 236 walioshtushwa, na ni mmoja tu kati ya watano ndiye mwenye ugonjwa kweli. Geuza upande wa pili: kati ya zaidi ya 760 walioambiwa namba yao ni ndogo, wanne tu ndio wamekosewa.

Umeona uzito uko wapi. Namba ndogo inatuliza kwa haki. Namba kubwa ni bisho la hodi tu, na bado hujui aliye mlangoni. Mtu mwenye 180 hana haja ya kuandika wosia. Kama alikuwa akinywa diklofenaki, aiache kwa kukubaliana na daktari, apime tena baada ya wiki kadhaa, na mara nyingi namba itakuwa imeshuka.

Lakini kuna watu ambao namba ndogo isiwatulize. Anayetoa damu kwenye choo, anayekonda bila sababu, mwenye upungufu wa damu usioelezeka, anayeamshwa usiku na kuharisha, au aliyeanza kubadilika choo baada ya kuvuka umri wa miaka 50. Kalprotektini haikutengenezwa kuwinda saratani. Kwa hao uchunguzi uendelee hata kama karatasi inasema 20.

Kinachonigusa zaidi kuhusu kipimo hiki ni kazi yake baada ya ugonjwa kujulikana. Maumivu na mchochota si mapacha. Kuna mtu anaugulia maumivu huku utumbo wake umetulia kabisa, na kuna anayejisikia mzima, anafanya kazi, anacheza na watoto, wakati vidonda vinaendelea kuchimba. Kumtibu kwa kufuata anavyojisikia peke yake ni kuendesha gari kwa kusikiliza mlio wa injini bila kutazama geji. Utafiti ulioitwa CALM, wa mwaka 2017, uliwagawa watu 244 wenye ugonjwa wa Crohn makundi mawili. Kundi moja dawa zao ziliongezwa kwa kufuata dalili. Jingine zilifuata dalili pamoja na kalprotektini na CRP. Baada ya wiki 48, vidonda vilikuwa vimepona kwa asilimia 46 ya kundi lililopimwa, na asilimia 30 ya lile jingine. Tofauti ya dawa haikuwa aina. Ilikuwa wakati: nani aliongezewa mapema, kabla tumbo halijaanza kulia.

Picha: wapi, na kwa kina gani

Choo kinatoka kwenye utumbo wote, kwa hiyo hakiwezi kukuambia kipande kipi kimewaka. Utumbo mwembamba peke yake una urefu wa takriban mita 6. Kolonoskopi, kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, inapita utumbo mpana wote na kuchungulia ncha ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mita nyingine zote zinabaki gizani. Tena kamera inaona ngozi ya ndani tu. Kolaitisi ya vidonda inakaa kwenye ngozi hiyo, kwa hiyo kamera inaimudu. Crohn hutoboa matabaka yote mpaka nje, hutengeneza majipu na vijia vya usaha kati ya utumbo na kibofu au ngozi ya tumbo. Hapo panahitajika jicho linaloona kupitia ukuta.

Jicho la bei nafuu na lisilo na madhara ni ultrasaundi. Wengi wanaijua kwa wajawazito, na wanashangaa kusikia kwamba inaweza kuusoma utumbo. Daktari anapaka jeli, anaweka kifaa upande wa chini kulia, pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, kisha anabonyeza taratibu. Utumbo wenye afya unasalimu amri, unabonyea, unateleza, unajikunja na kukunjuka mbele ya macho yako. Ukuta wake hauzidi milimita 3, na matabaka yake yanaonekana kama mistari ya weusi na weupe iliyopangwa. Utumbo wenye mchochota haubonyei. Umekaa pale pale kama bomba la mpira, ukuta milimita 6 au 7, mistari imechanganyikana. Mafuta yanayouzunguka yamevimba na kung'aa. Daktari akiwasha kipimo cha mwendo wa damu, vitone vyekundu na vya buluu vinachomoza ndani ya ukuta ambao kwa kawaida ungekuwa kimya. (Rangi hizo zinaonyesha damu inaelekea upande gani, si rangi ya damu yenyewe. Wagonjwa huuliza, na wana haki ya kuuliza.)

Haihitaji mionzi wala maandalizi makubwa, na inaweza kurudiwa kila baada ya miezi michache. Udhaifu wake ni gesi tumboni, mwili mnene, na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana iliyojificha ndani ya nyonga. Na inategemea sana mkono na jicho la anayeishika.

MRI ya utumbo, picha inayopigwa kwa sumaku bila mionzi, ni safari ndefu zaidi. Unakunywa kwa muda wa saa moja hivi lita 1 au 1.5 ya kinywaji kinachobaki ndani ya utumbo bila kufyonzwa haraka, ili kuta zitanuke na kuachana, kwa sababu utumbo uliosinyaa huonekana mnene hata ukiwa mzima. Unachomwa dawa ya kutuliza misukosuko ya utumbo, na mara nyingi nyingine ya kung'arisha mishipa. Maji yaliyovuja kwenye ukuta yanajitokeza kwa mwanga, na vijia vya usaha vinaonekana vizuri kuliko kwa njia nyingine nyingi. Utafiti wa METRIC, uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018, ulilinganisha MRI na ultrasaundi kwa ugonjwa wa Crohn wa utumbo mwembamba. MRI iliugundua ugonjwa kwa asilimia 97, ultrasaundi kwa asilimia 92. Ilipofika kueleza ugonjwa umeenea hadi wapi, zilikuwa asilimia 80 dhidi ya 70. Kwa kipimo unachoweza kukifanya ukiwa umelala kwenye kitanda cha kawaida, ultrasaundi ilijitetea vizuri sana.

CT, picha za eksirei zinazopigwa kwa kuzunguka mwili, inamaliza kazi kwa sekunde chache, na usiku wa dharura, utumbo unaposhukiwa kutoboka au kuziba, ndiyo inayotakiwa. Ila inatumia mionzi, na magonjwa haya mara nyingi huwakamata vijana watakaohitaji picha kwa miaka arobaini ijayo. Isifanywe mazoea.

Kidonge chenye kamera, kilichoanza kutumika hospitalini mwaka 2001, kinapiga maelfu ya picha kikipita utumbo mwembamba wote. Hatari yake ni kunasa mahali palipobanwa. Pakishukiwa kubanwa, kwanza humezwa kidonge cha majaribio kinachoyeyuka chenyewe kikikwama.

Na hata ukiwa na vyote hivi, kisababishi bado hakijatajwa. Kifua kikuu cha utumbo hupenda ile ile kona ya chini kulia, hunenepesha ukuta ule ule, na hupandisha kalprotektini ile ile. Ukimpa mgonjwa wa kifua kikuu dawa za kushusha kinga ukidhani ni Crohn, unaweza kumuua. Kinachotenganisha ni kipande cha nyama kilichonyofolewa kwa kolonoskopi na kuwekwa chini ya hadubini, pamoja na vipimo vya bakteria wenyewe.

Vinapopishana

Namba ndogo na picha safi kwa mtu asiye na dalili za hatari kwa kawaida humaanisha utumbo unaosumbua bila mchochota. Maumivu yake ni ya kweli, ila hayatokani na kidonda. Namba kubwa na ukuta mnene vinakubaliana, na njia inaelekea kwenye kolonoskopi. Ugumu unakuja vinapokataana.

Namba kubwa, picha safi: uliza tena habari ya dawa za maumivu, tafuta maambukizi, rudia kipimo. Ikibaki juu, vidonda vidogo vya juu juu kwenye utumbo mwembamba vinaweza kuwa vimejificha, kwa sababu havijanenepesha ukuta bado, na hapo kidonge chenye kamera kina kazi.

Namba ndogo, ukuta mnene: hili lisipuuzwe. Crohn iliyokaa kwenye utumbo mwembamba peke yake wakati mwingine hutoa kalprotektini kidogo kuliko inavyotarajiwa, na zipo saratani zinazonenepesha ukuta bila kuita neutrofili nyingi.

Uwezekano mwingine ni kovu. Fikiria mtu aliyekuwa na 900 mwaka jana, akaanza dawa, namba ikashuka hadi 60. Kila mtu anafurahi. Lakini akila, tumbo linajaa na kunguruma, linatulia akitapika tu. Picha inaonyesha kipande kimoja chenye ukuta wa milimita 8, njia katikati imebaki nyembamba kama kalamu, na utumbo wa juu yake umetanuka kupita sentimita 3 kwa kusukuma chakula kisichopita. Moto umezimika, kuta zilizoungua zimekakamaa. Dawa za mchochota haziyeyushi kovu. Palipobanwa panatanuliwa kwa puto kupitia kamera, au kipande kinakatwa. Na ikiwa namba ingekuwa 300 badala ya 60, uamuzi ungekuwa mgumu zaidi, kwa sababu mara nyingi kovu na mchochota hulala kitanda kimoja, na hakuna picha ya leo inayoweza kusema kwa uhakika ni milimita ngapi za ukuta ule ni za moto na ngapi ni za kovu. Jibu hilo bado hupatikana baada ya upasuaji, kipande kikiwa mezani, kimekatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi.